Kulisha Bahari Siku ya Sabato

Kisii mjini,
11 Februari 2024

Kwa Tata mpendwa,

Pokea salamu hizi kwa mikono miwili. Simu zangu umezikata hadi nimeuzoea ule mlio, lakini barua haikatwi. Kaka Osoro ameshauza ndizi zake hapa soko la Daraja Mbili, atakuletea hii ndani ya magunia matupu. Nimemwambia kaka, usimpe mtu mwingine, mpe Tata mkononi, hata akikunja uso.

Goti la Mama linaendeleaje? Mwambieni asiende chini kwenye mto, maji yachotwe na vijana. Na chai mwaka huu imechipua vizuri? Huku mvua imekuwa ya kubahatisha.

Mimi niko mzima. Bosibori naye ni mzima. Nimelitaja jina kwa sababu ndilo lake. Ni la mama yako, na nilimpa kwa sababu nilimpenda bibi, si kwa kukubembeleza. Ametimiza miaka mitatu mwezi uliopita na anaongea kama redio. Hujamwona, Tata.

Sitazunguka. Nataka umshike mbele ya kanisa umwombee, kama ulivyowaombea watoto wote wa huko Nyamusi. Najua niliondolewa ushirika, na najua ni wewe uliyesimama ukalisoma jina langu. Mimi ndiye niliyesomwa. Mtoto hakusomwa. Wachungaji ni wengi hapa mjini, lakini ninayemtaka ni wewe, Mzee Manasseh.

Nimepata kazi, nasafisha kliniki ya meno ya watoto kwa Daktari Abigael. Pale watoto wanapongojea kuna sanduku la kioo refu kama kitanda, na ndani yake ni bahari. Si picha. Ni maji ya chumvi kabisa, na mawe ambayo kumbe yana uhai. Yanaitwa matumbawe. Asubuhi yamejikunja kama ngumi, taa ikiwaka yanafunguka vidole, kila kimoja peke yake. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliacha fagio likaanguka. Daktari akaniuliza, "Nyanchama, umeona nyoka?" Nikamwambia hapana, nimeona jiwe likiamka.

Jibu hata neno moja.

Ni mimi binti yako,
Nyanchama


Kisii mjini,
21 Aprili 2024

Tata mpendwa,

Hujambo na nyumba yote? Osoro anasema barua ilifika, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaiweka kwenye mfuko wa koti la kanisani. Nashukuru tu kwamba ilikaa kwenye koti, haikuenda jikoni kuwasha moto. Mwambie Mama nimepata dawa ya kusugua goti, Osoro anayo.

Bosibori alikuwa na homa kidogo, imeisha. Akitoka shule ya watoto anashinda nami hapa kliniki mpaka jioni.

Nina swali la kanisa. Nakuuliza wewe kama mzee wa kanisa, sitaki ufikiri ni la kukutega.

Ile bahari ya kioo ilianza kuugua. Samaki wanakula, wanachafua, na uchafu hauna pa kwenda. Kioo kikashika utelezi mwekundu na matumbawe yakakataa kufunguka. Mashine ya kuchuja ilikuwa imechoka. Basi Daktari akaagiza chupa mbili kutoka kwa mtu anayefuga viumbe vya bahari kule Pwani. Moja ilikuwa na maji ya kijani, kijani cha mboga ya managu iliyochemshwa. Nyingine niliona ni maji matupu, karibu niyamwage! Daktari akanipigia kelele: "Weka chini, hao ni watu!"

Tata, walikuwa hai. Ule ukijani si rangi, ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inaelea. Na ndani ya yale maji matupu kuna wadudu kama punje ya unga, wanaruka-ruka. Wote pamoja wanaitwa planktoni. Ukijani unakula ule uchafu wa samaki. Wadudu wanakula ukijani. Samaki na matumbawe wanakula wadudu. Kisha wanachafua tena, na ukijani unangoja. Bahari inajifulia yenyewe! Kazi yangu ni kuwazalisha kwenye mitungi kando ya dirisha: maji ya chumvi, mbolea yao tone moja, taa, na pampu ndogo ya hewa inayotoa mapovu siku nzima. Kisha ninawamimina kwenye kioo, kidogo kidogo.

Daktari ana hadubini, ile ya kukuzia vitu. Aliniita nitazame tone moja. Nikamwona mama mdudu. Tata, amebeba mayai yake kwa vifuko viwili, kimoja kila ubavu, na anaogelea navyo hivyo hivyo, anatafuta chakula, hana wa kumsaidia. Nililia mbele ya Daktari. Sikumwambia kwa nini.

Sasa swali. Ijumaa jua likitua mimi hufunga kazi kama ulivyotufundisha. Kliniki pia haifunguliwi Sabato. Nikasema, nyumbani hatupiki, moto tunaupumzisha, hata ng'ombe wa kulima anapumzika. Basi na pampu nayo ipumzike. Nikaizima. Niliporudi Sabato jua limeshatua, ukijani ulikuwa umelala chini kama matope, na wadudu wote wamekufa. Walikosa hewa. Yule mama pia.

Daktari hakunigombeza. Alikuwa amebakiza chupa kidogo kwake, amenipa nianze upya. Lakini mimi silali vizuri. Tata, kuwalisha na kuwapa hewa siku ya Sabato ni kazi au si kazi?

Nyanchama


Nyamusi,
3 Mei 2024

Binti Nyanchama,

Salamu katika jina la Bwana. Goti la mama yako ni lile lile. Dawa imefika. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Chai inachumwa.

Umeuliza swali la kanisa, na swali la kanisa halikai bila jibu.

Ng'ombe hukamuliwa Sabato. Mwana-kondoo akitumbukia shimoni hutolewa. Mtoto hunyonyeshwa. Bwana alipumzika siku ya saba, lakini hakuzima upepo. Kama hewa ya viumbe hao inatoka kwenye mashine yako, basi mashine hiyo haifanyi kazi yako, inafanya kazi Yake. Usiizime.

Ijumaa ni siku ya maandalio. Koroga chumvi, osha mitungi, pima chakula mapema. Sabato walishe na uwatazame. Kupunguza maji ya mitungi na kuyamimina kwenye kioo kungoje jua litue.

Haya ni majibu kwa yale uliyouliza kuhusu Sabato.

Mzee Manasseh Ogeto


Kisii mjini,
19 Mei 2024

Tata wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Hongera kwa ndume. Asante kwa jibu. Lile la upepo nimemsomea Daktari, ambaye ni Mkatoliki, akasema, "Mzee wako ningempa kiti hapa kliniki."

Nimeona umejibu yale ya Sabato tu. Sawa. Ninangoja.

Sasa Sabato tunakuja hapa baada ya kanisa, mimi na Bosibori, na ufunguo ninao. Siwashi kitu wala sioshi kitu. Natia chakula nilichopima Ijumaa, kisha tunakaa kwenye viti vya wagonjwa tunatazama. Mitungi imerudi kijani. Kila siku kijani kinazidi, utafikiri kuna mtu anakuja kukikoleza. Wadudu wamezaana hadi ukiweka tochi ubavuni mwa mtungi wanakuja kwenye mwanga kama vumbi lililoitwa. Bosibori anawaita wanafunzi. Anawaambia, "Kaeni chini, mwalimu hajafika!" Hawakai.

Na kioo kimeanza kutakata, Tata. Ule utelezi mwekundu umeanza kuachia pembeni, nami sikuusugua. Juzi tumbawe moja la zambarau, lililokuwa limefunga tangu Machi, lilitoa vidole vyake. Wadudu walipita karibu, likafumba kidole likameza. Jiwe limekula! Nilisimama pale na ndoo yangu, mgonjwa mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Sijafika hata Nakuru. Lakini ninailisha kila siku, na inakua. Naosha sakafu karibu na ile mitungi polepole, kama ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala. Najiuliza, kama Mungu alikaa akamtengenezea mdudu huyu vifuko viwili vya mayai, mdudu ambaye hakuna mtu angemwona mpaka hadubini ije, basi anaweza kumsahau nani?

Bosibori anauliza sokoro wake anakaa wapi. Nimemwambia, babu anakaa mlimani kwenye chai.

Nyanchama


Nyamusi,
30 Juni 2024

Binti Nyanchama,

Salamu. Mama yako ametembea hadi kanisani bila fimbo. Ndume anakula majani sasa.

Nimefikiri kuhusu hiyo mimea yako ya majini. Kijani ni kijani, kiwe cha mlimani au cha majini, na kijani hutaka mbolea. Mambo ya tone moja moja ni ya dukani. Nimekuwekea mbolea yetu ya chai kwenye karatasi, ile ile inayovusha majani haya wakati wa baridi. Osoro atakupa. Tia, kisha unieleze ilivyofanya.

Bosibori asikaribie karatasi hiyo. Ni kali kwa mikono ya mtoto.

Mzee Manasseh Ogeto


Kisii mjini,
14 Julai 2024

Tata wangu,

Umeandika jina lake. Nimeonyesha watu hiyo barua, hata mama wa kuuza mayai nje ya kliniki, asiyetujua. Nikamwonyesha Bosibori pale lilipo, akaweka kidole juu ya B akasema, "Hii ni mimi."

Karatasi ya mbolea nimeipokea. Asante, Tata. Najua mfuko wa mbolea unavyoisha mapema kabla shamba halijaisha, na wewe umenikatia mimi sehemu. Naiweka juu, mbali na mtoto, kama ulivyosema.

Samaki wazima. Matumbawe yamefunguka. Daktari alileta samaki mmoja mpya mwenye mkia wa njano, anapiga makonde kioo akijiona. Watoto wanacheka, wanasahau kuogopa sindano.

Mpe Mama hongera kwa kuacha fimbo. Sina zaidi leo, nimebanwa na kazi.

Nyanchama


Nyamusi,
11 Agosti 2024

Binti Nyanchama,

Salamu. Wote wazima.

Umeandika kuhusu samaki, muuza mayai, na fimbo. Kuhusu mbolea hukuandika. Nilikuuliza ilifanyaje.

Mzee Manasseh Ogeto


Nyamusi,
29 Septemba 2024

Binti Nyanchama,

Salamu. Nauliza mara ya pili.

M. O.


Kisii mjini,
20 Oktoba 2024

Tata wangu,

Ulikuja, ukaondoka.

Nimekosa hata salamu za kuanzia. Jumatano nilienda sokoni kununulia Daktari sabuni, nikapitia kwa fundi viatu. Bosibori nilimwacha na Daktari. Narudi, mtoto ananipokea mlangoni: "Mama, sokoro alikuwa hapa, ana kofia, nimemfundisha." Nikatoka mbio hadi kwenye kituo cha magari ya Nyamira yanayokuja huko kwenu, na sabuni mkononi. Nilitazama kila kofia. Ulikuwa umeshapanda.

Nimekaa na hasira, Tata, nakwambia ukweli. Miaka mitatu na zaidi, halafu unakuja saa ambayo mimi sipo, na hunisubiri hata chai ichemke? Usiku nikafikiri, lakini alikuja. Asubuhi hasira imerudi. Hivyo ndivyo wiki yangu ilivyokwenda.

Daktari ananiambia alikueleza kuhusu mbolea. Basi hakuna tena la kuficha. Nilitia punje chache tu kwenye mtungi mmoja wa wadudu. Walikuwa wengi, wanene, kina mama wenye vifuko. Kesho yake wote wamelala chini. Daktari alisema mbolea ya shamba ni nzuri kwa shamba, lakini ndani ya maji inageuka sumu kwa viumbe wadogo hivyo. Mitungi mingine ilikuwa salama. Niliosha ule mmoja nikaujaza upya, na wiki hiyo ukawa kijani, basi kwangu yaliisha.

Sikukuandikia kwa sababu kilikuwa kitu cha kwanza ulichonipa tangu nitoke nyumbani. Ningekwambiaje kwamba kimeua? Nilisema Tata akijua, hataleta tena kitu, na mlango aliofungua ataurudisha. Ungekuwa wewe ungeandika?

Bosibori ameniambia mambo nusu nusu. Kwamba ulipiga magoti. Kwamba ulikataa kusimama. Nieleze wewe mwenyewe.

Nyanchama


Nyamusi,
10 Novemba 2024

Mwanangu Nyanchama,

Nakusalimu wewe na Bosibori. Mama yako anawasalimu, amesimama hapa nyuma yangu ananiambia niandike haraka.

Nilikuja kwa ajili ya mbolea. Hilo ni kweli. Mtu ameuliza mara mbili, hajajibiwa, anakwenda kuona. Maneno mengine sikuwa nimeyaandaa.

Daktari alinipokea vizuri, akaniambia kuhusu wale wadudu, akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. Akaitwa kwa mgonjwa. Nikabaki mimi na mtoto.

Hakuniuliza mimi ni nani. Alinitazama kofia, akasema, "Wewe ni wa chai." Nikasema ndiyo. Akanishika kidole akanipeleka dirishani kwenye mitungi yenu. Nikashika mmoja nikautikisa ili nione, akanigombeza: "Usitikise hivyo! Unawamwaga usingizi!" Hakuna mtu aliyenigombeza hivyo tangu mama yangu afariki. Hata sauti ni ile, Nyanchama. Nikaweka mtungi chini mara moja.

Ile hadubini iko kwenye meza yao ya chini, ya watoto. Akaniambia nitazame. Haikuwezekana nikiwa nimesimama, basi nikapiga magoti. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Akasema, "Fungua macho, sokoro." Ndipo nikaona.

Nimesoma Mwanzo tangu nikiwa kijana. Nimesimama mimbarani nikasema, maji na yajawe kwa wingi na kitu kiendacho chenye uhai, na nilikuwa nafikiri samaki. Nilikuwa nimeruka walio wengi. Mmoja alipita katikati ya ule mwanga, mwili wake kioo kitupu, unaona hadi chakula tumboni ni kijani, moyo unapiga mbio. Amebeba vile vifuko ulivyoniandikia. Kimoja kilikuwa kinapasuka. Wakatoka wadogo, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alianza kuogelea saa ile ile, bila kufundishwa. Hakuna aliyemuuliza yule mama wametoka wapi. Maji yaliwapokea tu.

Nilikaa pale. Mtoto alichoka kungoja zamu yake, akaegemea mgongo wangu akaimba wimbo wa shuleni. Nilitaka kusimama magoti yakakataa, ni hilo alilokwambia. Alinivuta kwa mikono miwili akisema "moja, mbili, tatu", kama atainua ng'ombe. Tukasimama.

Ningekungoja. Lakini ungefika ukanikuta, ungetaka maneno, nami nilikuwa nalo moja tu, na hilo lilipaswa kupitia kwa wazee wa kanisa kwanza. Sasa limepita. Mmoja alisema sheria inataka wazazi wote wawili wasimame. Nikamwuliza ni ukurasa gani. Bado anautafuta.

Kwa hiyo Sabato ya tarehe 7 Desemba mje. Daktari aje pia kama anataka, mwambie kiti ninacho mimi. Suala la ushirika wako ni lako na Bwana na kanisa, litakuja kwa njia yake, na nitakuwa upande wako litakapokuja. Siku hiyo ni ya mtoto. Wewe utasimama kuume. Upande wa baba nitasimama mimi.

Nimewaombea watoto wengi, lakini huwa ni wachanga, wa kushikwa kwa mkono mmoja. Huyu ni mkubwa. Siku ile alinishika kidole tu, sikumwinua. Andika upesi uniambie ana uzito gani siku hizi. Kuna mfuko wa mbolea hapa ghalani, nataka nianze kuzoeza mikono.

Tata yako,
Manasseh